Nafasi Anayoiacha Fundi

Kabati la vitabu linalouzwa dukani hutengenezwa bila kujua litasimama wapi. Linaweza kuishia Chake Chake au Chalinze, katika nyumba ya tofali au ghorofa ya zege, na popote litakapowekwa litaacha pembeni yake ujia mwembamba wa vumbi ambao ufagio hauingii. Kabati la kujengewa ukutani lina asili nyingine. Kwanza upo ukuta, tena ukuta mmoja tu duniani, wenye matumbo yake na mabonde yake. Kisha ndipo fundi anaitwa. Kila ubao utakatwa kwa ajili ya ukuta ule, na siku wenyewe wakihama nyumba, kabati litabaki.

Katika kazi zote za seremala, hii ndiyo ninayoienzi kuliko zote. Kuliko kitanda cha besera, kuliko hata mlango wa nakshi ambao wageni husimama kuupiga picha. Mlango wa nakshi unamsifu fundi wake mchana kutwa barabarani. Kabati la vitabu likikamilika, macho huenda kwenye vitabu, na ndivyo inavyotakiwa. Ustadi wenyewe umejificha nyuma, chini, na katika mianya isiyozidi unene wa ukucha. Mianya hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Nimekaa karakanani vya kutosha kuamini kwamba fundi hodari hujulikana kwa nafasi anazoziacha zaidi ya maungio anayoyabana, na hakuna kazi ya mbao inayolidhihirisha hilo waziwazi kama hii.

Kabati ninalolieleza lilitengenezwa katika karakana moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, kwa ajili ya mwalimu mstaafu anayeishi ghorofani katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe. Anayezijua nyumba hizo anajua fundi aliitiwa nini. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake mara nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi, na pembe mraba ndani yake ni nadra. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu moja ya wazi: sakafu na dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hazipatikani za kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Mwashi wa zamani alipanga nyumba nzima kwa kufuata urefu wa mti alioletewa kutoka mikokoni. Kwa hiyo hata kabla ya seremala kupanda ngazi, mti ulikwisha kusema neno lake ndani ya nyumba ile.

Na waliojenga nyumba hizo walijua kuweka vitu ndani ya ukuta. Madaka yapo Unguja, lakini ni Lamu na Pate ambako jambo hili lilifikishwa mbali: zidaka safu juu ya safu, zimepambwa kwa nakshi za chokaa, na ndani yake vyombo vya kauri, misahafu na vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Yule aliyechonga kidaka alikuwa na raha moja ambayo seremala hana. Chokaa hukauka mara moja, ikanyamaza. Ubao haunyamazi.

Fundi alifika na mwanafunzi wake asubuhi, wakaamkia, wakaitikiwa marahaba, wakapewa kahawa kabla ya kazi. Mahali penyewe palikuwa kati ya mwimo wa mlango na nguzo nene iliyotokeza ukutani. Upana wa chini ulikuwa mita 2.31. Katikati, mita 2.28. Juu, mita 2.33. Timazi ilipoangushwa kutoka darini, uzi ulisimama mbali na ukuta kwa vidole viwili, kisha ukaugusa usawa wa kifua, kisha ukaachana nao tena chini. Sakafu ilishuka kuelekea dirishani. Mwalimu aliyatazama hayo kwa wasiwasi kidogo, kama mtu anayesomewa majibu ya daktari. Fundi hakuonyesha mshangao wowote. Kwake hivyo vilikuwa vipimo, basi.

Namna alivyovichukua vipimo hivyo ndiyo iliyonivutia. Tepu aliitumia kwa kukadiria mbao za kununua. Kwa kazi yenyewe alikuja na fito tatu nyembamba zilizonyooka. Ufito mmoja aliusimamisha ukutani akautia alama kwa kisu: hapa kitako kinaishia, hapa rafu ya kwanza, hapa swichi ya taa, hapa dari. Wa pili aliulaza chini, wa tatu akaulaza juu. Alipoondoka hakuwa na karatasi ya tarakimu. Alikuwa na ukuta wenyewe begani, kwa urefu wake halisi. Tarakimu husomwa vibaya, tepu hupinda, sita hugeuka tisa; alama ya kisu juu ya ufito haigeuki kitu kingine. Karakanani, ubao hulazwa kando ya ufito na alama huhamishwa moja kwa moja. Nawapa heshima kubwa mafundi wanaoendelea na njia hii, hasa kwa kuwa vijana wengi wanaiona ya kizee.

Hapo palikuwa na hoja moja ya kumalizwa kabla ya mbao kununuliwa. Mwalimu alitaka rafu zinyooke kutoka mlangoni mpaka nguzoni bila kukatizwa, kwa kuwa ndivyo alivyoona katika picha fulani na ilimpendeza.

"Mwalimu," fundi akasema, "ubao wa urefu huo utakulalia. Ubao wa inchi moja haupiti dhiraa moja na nusu bila mguu."

Dhiraa moja na nusu ni sentimita 70 hivi. Kipimo hicho hakukitoa kitabuni, lakini vitabu vinamuunga mkono kwa nguvu. Mita moja ya vitabu vya kawaida vikisimama bega kwa bega huwa na uzito wa kilo 30 hivi, na ya makamusi yenye majalada magumu huzidi hapo. Ubao uliobeba mzigo wa namna hiyo, uliotandazwa sawasawa, hupinda kwa kasi ya kutisha kadiri urefu unavyoongezeka: ukiufanya urefu kuwa mara mbili, huku kila mita ikibeba uzito uleule, bonde la katikati huwa mara 16. Unene nao una nguvu yake, kwani ubao wa unene maradufu huwa mgumu mara 8. Tena mti una tabia ya kuchoka. Rafu iliyonyooka wiki ya kwanza inaendelea kujikunja taratibu mwaka hadi mwaka chini ya mzigo uleule, na ukiipakua hairudi yote ilikotoka. Tazama rafu za ofisi nyingi za umma na utaona vitabu vimeinamiana katikati. Rafu hizo hazikuvunjika. Zilinyimwa mguu tu.

Mwalimu akakubali mbavu mbili za kati, kabati likawa na vyumba vitatu. Mimi naona limependeza zaidi, maana jicho linapata mahali pa kupumzika. Lakini uzito haukuishia kwenye rafu. Ngazi saba za vyumba vitatu zikijaa, ni zaidi ya kilo 400, na hiyo ni ghorofani, juu ya boriti zilizolala humo tangu zama za masultani. Fundi alishuka kwa majirani wa chini akaomba ruhusa ya kuzitazama, akazigonga moja moja kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza. Boriti huvuka upande mwembamba wa chumba na vichwa vyake vimekaa juu ya kuta ndefu. Kabati lilikuwa linakwenda kwenye ukuta mrefu, kwa hiyo mzigo ungeshuka karibu na vichwa hivyo na kupokelewa na jiwe. Lingekuwa ni la kukaa katikati ya chumba angelikataa, na alisema hivyo.

Kisha mbao. Ungewauliza maseremala wa Tanzania wachague bila kufikiria bei, wengi wangekutajia mninga. Utomvu wake ni mwekundu, ubao wake una rangi ya asali na michirizi ya kahawia, na juu ya yote ni mtulivu: ukishakauka vizuri hauvimbi wala hausinyai sana. Lakini mninga hukua polepole katika misitu ya miombo, na umekatwa mno. Sioni raha ya kupanga vitabu juu ya mti ambao mjukuu wa msomaji hataupata. Fundi naye, kwa sababu zake ambazo pia zilikuwa za bei, alichagua mtiki, ambao Tanzania inao wa kupandwa: mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro yanajulikana kwa mti huo. Mtiki hunuka ngozi na mafuta ukiukata. Mafuta hayo ndiyo yanayowafanya mchwa waupite. Ila ni kiini chake tu chenye kinga hiyo. Ule weupe wa nje ni chakula cha wadudu kama mti mwingine wowote, na miti ya shamba inayovunwa ingali michanga huwa na weupe mwingi. Nilimwona akizikataa mbao nzuri za kutazama kwa sababu ukingo mmoja ulikuwa na utepe mweupe wa upana wa kidole. Muuzaji alilalamika. Fundi alirudisha ubao kwenye rundo kwa upole, akauvuta mwingine.

Kuna siri nyingine ndani ya mtiki: umebeba chembe za silika, jamaa wa mchanga, na chembe hizo hula makali ya randa na misumeno. Kwa hiyo karakana inayofanya kazi ya mtiki ni karakana ya kunoa. Mwanafunzi wa fundi huyu alianza kazi kwa kinoo kabla ya kuruhusiwa kugusa msumeno, akijifunza kusugua patasi mpaka mgongo wake ung'ae na makali yanyoe nywele za mkono. Wengine huona hiyo ni njia ya kumtumikisha kijana. Mimi naona ni busara. Chombo butu hukulazimisha kutumia nguvu, na anayetumia nguvu hasikii tena ubao unamwambia nini.

Mbao hazikuguswa mara moja. Zilipangwa karakanani chini ya paa, kila moja ikitenganishwa na mwenzake kwa vijiti vya unene sawa ili hewa ipite juu na chini, zikaachwa zizoee hewa ya kisiwa. Hapa ndipo tunapofika kwenye moyo wa jambo. Ubao ukivuta unyevu hutanuka, ukiutoa husinyaa, na hufanya hivyo kwa upana wake. Kwa urefu wa nyuzi zake mabadiliko ni madogo kiasi cha kutohesabika. Ubao wa mtiki wenye upana wa sentimita 30 unaweza kubadilika kwa milimita moja au mbili kati ya msimu mkavu na msimu wa mvua. Na hausimamishwi. Gundi haiusimamishi, msumari hauusimamishi, vanishi huuchelewesha tu. Ukiubana usisogee, utapasuka au utaipasua fremu iliyoubana. Fundi aliyefunzwa vizuri hukata tamaa ya kuushinda mti mapema sana katika maisha yake ya kazi, na kuanzia hapo ndipo anapoanza kuwa fundi.

Ndiyo maana swali lake la kwanza karakanani lilihusu upepo. Tulikuwa kwenye kaskazi, siku za joto na ukavu kabla ya masika. Mbao zilikuwa katika wembamba wake wa mwaka. Anayezipima sasa na kuzijaza chapuchapu mpaka mwisho wa nafasi atakuwa amejenga kabati la kaskazi, na mvua za Aprili zitakuja kulidai lililobaki. Angekuwa anafanya kazi hiyo hiyo katikati ya masika angebana zaidi, akijua kwamba mbao zitarudi nyuma zenyewe. Mimi niliyesoma kusi na kaskazi kama habari za majahazi na wavuvi nilifurahi kuzikuta ndani ya kipimo cha mlango wa kabati.

Kazi ya mashine ilikwenda haraka na sina mengi ya kusema juu yake: kelele, vumbi, na mbao zikatoka upande wa pili zikiwa bapa na za unene mmoja, milimita 22. Baada ya hapo mashine ilizimwa, na karakana ikarudi kwa watu. Randa ya mkono ilipita juu ya kila ukingo. Fundi alisoma ubao ubavuni kwanza, aone nyuzi zinapanda kuelekea wapi, kwa sababu randa ikienda na nyuzi hutoa maranda marefu yasiyokatika na kuacha ubao laini, na ikienda kinyume chake inanyofoa. Katika ubao mmoja nyuzi ziligeuka katikati, pembeni mwa fundo. Alifika hapo, akasimama, akahamia upande wa pili wa benchi, akaja kutoka kule. Hakuna aliyemwambia. Mkono ulikwisha kusikia.

Mifuo ndiyo iliyochukua muda. Kila rafu ya kudumu ingekaa ndani ya mfuo uliochimbwa katika ubavu, kina cha milimita 7, theluthi ya unene, ili uzito wa vitabu ushuke juu ya mti wenyewe na usining'inie kwenye skrubu. Mistari ya mfuo ilichorwa kwa kisu. Kalamu ya risasi huacha mstari wenye unene, na mwenye msumeno hujiuliza akate upande gani wa unene huo. Kisu hukata nyuzi za juu na kuacha ukuta mdogo ambao patasi huegemea. Mfuo ulipokwisha kuchimbwa, fundi alijaribu rafu kwa kuisukuma kwa kiganja. Ikiingia yenyewe, imelegea. Ikihitaji nyundo ya chuma, imebana mno, na gundi itakapoivimbisha haitaingia kabisa. Alitaka iingie kwa kiganja mpaka karibu na mwisho, kisha ikubali kwa kugongwa mara mbili kwa nyundo ya mti. Palipobana alitoa maranda membamba kiasi cha kupitisha mwanga, akajaribu tena.

Milango ya chini, iliyokusudiwa kuficha karatasi na majalada ya mitihani ya zamani, ilitengenezwa kwa njia ambayo ni ya kale na ambayo sidhani imepata kuboreshwa: fremu ya mbao nne zilizoungwa kwa ulimi na tundu, na katikati yake ubao mpana uliokaa ndani ya mfuo kuzunguka pande zote. Ubao huo wa katikati hautiwi gundi. Hata tone. Umeshikwa lakini haukufungwa; ndani ya mfuo, kila upande, umeachiwa milimita mbili za kupumulia. Fremu ndiyo inayotoa umbo, na kwa kuwa mbao zake ni nyembamba haibadiliki sana. Ubao wa katikati ndio unaotanuka na kusinyaa mwaka mzima, na hakuna mtu atakayejua. Mwanafunzi aliuliza mbona asiutie gundi kidogo tu pembeni usicheze. Fundi alimchukua mpaka nyuma ya karakana, kwenye mlango wa zamani ulioletwa kutengenezwa, ukiwa umepasuka katikati toka juu hadi chini. Akamwonyesha gundi kavu ndani ya mfuo.

Kabati liliungwa kwanza bila gundi. Hatua hii wenye haraka huiruka, na ni hapo ninapoweza kumtambua mtu anayeipenda kazi yake. Vipande vyote vilisimamishwa, rafu zikaingia mifuoni, klampu zikakaza kidogo, na fundi akapima kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, kisha kutoka pembe ya juu kulia hadi ya chini kushoto. Vipimo hivyo viwili vikilingana, kabati limekaa mraba. Visipolingana, limeegemea, hata kama jicho halijaona. Tofauti ilikuwa milimita tatu. Klampu moja ikasogezwa iegemee ulalo mrefu, ikakazwa nusu mzunguko, vipimo vikalingana. Kila ungio likaandikwa alama zake, likafunguliwa tena.

Gundi ilipakwa alfajiri, kabla joto halijapanda, kwa sababu mchana gundi hukauka kabla mtu hajamaliza kuzungusha klampu ya mwisho. Na kwa vile mtiki una mafuta, nyuso za kuungwa zilipigwa randa upya asubuhi ileile. Zikiachwa siku mbili, mafuta hupanda juu tena na gundi haishiki. Wakati huo hapakuwa na mazungumzo karakanani. Fundi alitaja namba, mwanafunzi akaleta kipande, kipande kikaingia. Gundi iliyochuruzika ilikwanguliwa ilipoanza kuwa nzito, kabla haijawa jiwe.

Lilitoka karakanani likiwa vipande vinne: kitako peke yake, na vyumba vitatu vya kusimama. Anayeuliza kwa nini lisijengwe moja akumbuke ngazi za Mji Mkongwe, jinsi zilivyo nyembamba na zinavyopinda. Lakini hata bila ngazi, kabati lenye urefu wa kufika darini haliwezi kuinuliwa likiwa na kitako chake, kwa kuwa ulalo wake ni mrefu kuliko kimo chake, na kona ya juu itagota darini kabla miguu haijakaa sakafuni. Kitako kikitangulia, vyumba huinuliwa vikiwa vifupi, kisha hupandishwa juu yake.

Kitako kilinyanyuliwa kwa kabari ndogo za mtiki upande wa dirishani, ambako sakafu ilikuwa imeshuka kwa milimita 19, mpaka pima maji ikatulia kila upande. Kazi ya kukinyoosha kitako peke yake ilikula nusu ya asubuhi, na ilistahili, kwa sababu kila kilicho juu yake kingenyooka bila ugomvi. Vyumba vikapanda, vikafungwa kimoja kwa kingine kwa skrubu. Nyuma pakaachwa nafasi ya vidole viwili hadi ukutani. Ukuta wa chokaa hupumua. Huvuta unyevu na kuutoa, na kitabu kilichogusana nao huota ukungu mgongoni kabla ya mwaka kuisha. Skrubu za kushikilia kabati ukutani zilikuwa za shaba, kwa kuwa hewa ya bahari hula chuma, na matundu yake katika ubao wa juu wa kabati yalichongwa marefu kuliko upana wa skrubu, ili ubao upate kusogea huku umeshikwa.

Ikabaki mianya ya pembeni, ule wa mlangoni na ule wa nguzoni, mahali ambapo mbao zilizonyooka zilikutana na kuta zisizonyooka. Hapa fundi alifanya kitu ambacho ningekitazama siku nzima. Alisimamisha ubao mwembamba kwenye mwanya, akachukua bikari yenye kalamu, akaifungua kwa upana wa mwanya pale ulipokuwa mkubwa zaidi, kisha akaiburuta kutoka juu hadi chini: ncha ya chuma ikifuata ukuta, kalamu ikichora juu ya ubao. Kila tumbo na kila shimo la ukuta likajiandika lenyewe. Akakata kwa msumeno mwembamba, nje kidogo ya mstari, akamalizia kwa randa ndogo na tupa, akiulaza ukingo kwa ndani kidogo ili ukingo wa mbele tu ndio uguse chokaa. Ubao ukaingia. Ukuta uliojengwa na mtu asiyejulikana, kwa jicho na kamba, ulikuwa umekutana na ubao bila hata mmoja wao kulazimishwa. Mbao hizo mbili zilifungwa kwa skrubu bila gundi, ili siku moja mtu wa umeme akihitaji kufika nyuma asilazimike kuvunja.

Mafuta ya kitani yalipakwa pande zote za kila ubao, hata migongo ambayo haitaonekana tena. Ubao uliopakwa upande mmoja huvuta unyevu kwa mgongo peke yake, kisha hujikunja. Kuna wanaopaka mbele tu na kulipeleka kabati kwa mteja. Nasema wazi kwamba huo ni wizi mdogo, hata kama mwibiwa hatajua mpaka baada ya miaka miwili.

Watu husema bei ya kabati la namna hii ni kubwa, na wanailinganisha na makabati ya mbao za unga yanayoshuka bandarini ndani ya maboksi. Mbao za unga zikinywa maji mara moja huvimba na hazirudi. Kulinganisha vitu hivyo kwa bei ni kumnyima fundi haki ya siku zile za kusubiri, kunoa, kujaribu, na kuacha nafasi, ambazo hazionekani kwenye stakabadhi. Natamani wenye uwezo wa kujenga nyumba za mamilioni waweke angalau ukuta mmoja mikononi mwa seremala wa mtaani kwao.

Siku ya kupanga vitabu, kanuni ya uzito iligongana na adabu. Kwa desturi ya kazi, vitabu vizito hukaa chini. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikaenda chini, atlasi ikalazwa. Lakini Mwalimu alikuwa na msahafu mkubwa na ile Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969, vitabu vya uzito wa kutosha, na hivyo haviwekwi chini ya vitabu vingine wala karibu na miguu. Fundi alilijua hilo tangu siku ya fito. Chini ya ukingo wa mbele wa rafu ya juu kabisa ya chumba cha kati palikuwa na mhimili ambao nilikuwa nimeudhania kuwa pambo. Vitabu vikapanda huko. Usawa wa macho wakakaa Shaaban Robert, Muhammed Said Abdulla na Adam Shafi, kwenye rafu zilizopewa kimo cha sentimita 23 kwa ajili ya riwaya, kwa kuwa riwaya zetu ni fupi na kimo cha ziada juu yake ni makazi ya vumbi.

Katika bei yake fundi alikuwa amehesabu ziara moja baada ya masika. Alirudi mvua zilipokatika. Rafu zilikuwa zimenyooka, mbao za pembeni bado zilikuwa zimelalia chokaa. Katika mlango wa pili wa chini, ule mwanya uliopitisha sarafu wakati wa kaskazi sasa ulipitisha karatasi tu, na siku yenye unyevu mwingi mlango ungegusa. Aliutoa kwenye bawaba, akaulaza juu ya goti, akaupiga randa mara mbili upande wa bawaba, ambako chombo hakitaonekana kimepita, akapaka mafuta mabichi pale palipokatwa na kuurudisha. Mwalimu akamwambia asiende kwanza, kuna ukuta chumba cha nyuma angependa autazame, wajukuu wameanza kusoma.